Rangi Nyekundu Iliyobaki

Mimi ni mwoga wa mvua. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Hapa Bukavu asiyeogopa mvua ama anakaa kwenye tambarare, ama hajawahi kuona udongo ukitembea. Mama yangu alikuwa anakaa Kadutu, mteremkoni, katika nyumba ya mbao na mabati, ya mwisho kabisa upande wa juu. Nyuma ya jiko lake kilima kilisimama wima, na kitu pekee kilichokizuia kisimwangukie kilikuwa miti ya avenue, yaani ya mtaa wake.

Miti hiyo tuliipanda wenyewe kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi: mianzi chini ya nyumba, grevilea juu yake kilimani. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa na ninakaa upande mwingine wa mji, lakini Mama alituma watu waniite, nikaja kubeba udongo kwa beseni huku nalalamika. Miti ikakua. Hata hivyo, kila mvua ilipoanza nilimpigia simu kumwuliza kama kilima kiko kimya, naye alinicheka mpaka akakohoa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilikubali kuchekwa.

Kisha makala, ule mkaa wa kupikia, yakapungua. Siku hizi njia za kuyaleta mjini zinafunguliwa na kufungwa, na gunia moja likifika sokoni linagombaniwa. Watu wakaanza kuitazama miti yetu kwa jicho la jikoni. Yakaenda matawi makavu, halafu mabichi, halafu asubuhi moja Mama akakuta kisiki.

Aliponiambia, niliacha kila kitu. Nikaenda mbio kumsihi.

“Mama, njo ukae kwangu.”

“Miye siendi fasi yoyote,” akajibu, huku anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, bila hata kunitazama. “Hapa ndipo niliwazalia bote. Nitatoka siku nyumba itatoka.”

Mkuu wa avenue, mzee mpole ambaye sote tunamwita Papa Chef, aliitisha mkutano. Ikakubaliwa kwamba miti iwekwe alama, ili kila mtu ajue ina wenyewe. Papa Chef alikuwa na mkebe wa rangi nyekundu uliobaki alipopaka lango lake. Ijumaa jioni alipanda juu na brashi, akachora msalaba mkubwa kwenye kila shina. Kwake yeye msalaba ulisema: simama, usiguse. Moyo wake ulikuwa mweupe, hilo hakuna atakayelikana.

Lakini yeyote aliyekaa Bukavu anajua msalaba mwekundu ukutani unasema nini. Unasema leta, yaani serikali, imepita, na nyumba hiyo itabomolewa. Watu wetu wameusoma kwenye kuta zao wenyewe, na hawahitaji miwani kuusoma.

Kesho yake, siku ya salongo, nilikuwa nampelekea Mama sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikiwa bado chini kwenye kijia nikasikia mashoka. Nikaanza kupanda mbio. Nilipofika juu, grevilea zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, na watu wa salongo, majirani wa Mama ninaowasalimia kila nikija, walikuwa wanakata kwa furaha, kila mmoja akivuta fungu lake. Naogopa panga kuliko ninavyoogopa mvua, na mtu mwenye panga anayetafuta kuni si wa kubishana naye. Ila paa la Mama lilikuwa pale chini. Nikapiga kelele, sauti ikatoka kama ya mbuzi.

“Muache! Muache kukata! Hizi miti ndiyo inashika nyumba ya mama!”

“Maman, usitukasirikie,” akasema mwanamke mmoja mwenye mzigo kichwani, akinionyesha msalaba kwenye shina. “Si iko na croix? Leta imesema ikatwe.”

Papa Chef alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

“Apana! Croix ni ya kulinda! Ni miye niliandika!”

Wakamtazama. Mmoja akacheka, wakacheka wote.

“Papa Chef, ungeandika ‘haiuzishwe’ tungeelewa!”

Na ni kweli. Katika mji huu familia ikiogopa matapeli huandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba parcelle hii haiuzishwe, yaani kiwanja hiki hakiuzwi, na watu huheshimu. Msalaba haujamlinda mtu yeyote bado.

Kicheko kilikufa tulipotazama juu. Grevilea zilikuwa zimekwisha, ilibaki mianzi tu. Udongo ulikuwa uchi, na juu ya jiko la Mama kulikuwa na ufa mpya ambao mkono wangu ungeingia. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mchi mkononi. Aliutazama ule ufa. Kisha akamgeukia Papa Chef.

“Rangi ilibaki?”

Mzee akakimbia kwake, akarudi na mkebe na brashi, akampa bila kumtazama usoni. Nilidhani ataandika haiuzishwe. Mama akachovya brashi, akaugeukia mlango wake mwenyewe, akachora msalaba.

“Mama, unafanya nini?”

“Si ni ya kubomoa?” Akawageukia majirani. “Mulikuja na mapanga, muko na nyundo. Basi mubomoe, mbele ya mvua kunyesha.”

Mikono ile ile iliyokata miti ikang’oa mabati, ikateremsha mbao, kitanda, masufuria. Matone ya kwanza yalipoanguka, yalikuwa yamebaki mafiga peke yake. Sote tukiwa chini barabarani, Mama na godoro lake limefunikwa kwa turubai, kilima kikashuka. Hakikupiga kelele nyingi. Kilipita jikoni, kikazika mafiga, kikasimama kwenye mianzi.

Baadaye tulipanda miti pale pale ilipokuwa nyumba. Papa Chef aliandika mwenyewe kwenye ubao: PARCELLE HII HAIUZISHWE. NI YA MITI. Mama alimsimamia, herufi kwa herufi, asije akakosea tena.

Sasa anakaa kwangu. Mvua ikianza kugonga bati, ni yeye anayetafuta simu, anampigia Papa Chef.

“Kilima iko kimya?”

Mimi simcheki. Nakaa karibu yake, tunangoja jibu pamoja.