Ngege katika Lambo la Ng'ombe

Awuor alizaliwa Shirati, ukingoni mwa ziwa. Alipoolewa na Nkwabi, mfugaji wa Usagara, alihamia nchi ya vumbi na kwato, na usingizi ukamkataa kwa muda mrefu. Alizoea kulala akisikia maji yakigonga mawe. Sasa alisikia ng'ombe wakicheua. Lakini mume alikuwa mwema, mwenye maneno machache na kicheko kingi, na mwishowe hata kucheua kwa ng'ombe kukawa wimbo wa nyumbani.

Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, mwanawe Yeremia alipata kazi ya kuchuna sangara, na Awuor mwenyewe akafungua kibanda cha chakula Kigongo, penye kivuko cha kwenda Busisi. Abiria walikula wali na sangara, wakajifuta mafuta midomoni, wakakimbilia pantoni. Kila mtu alimtaka sangara. Sato naye, mwenye mkia wa mistari, alipatikana. Aliyekosekana ni ngege.

Ngege ndiye samaki wa kwao Awuor. Kichwa kidogo, mwili mpana, mkia usio na mistari. Mama yake alimpika kwa maji, chumvi na nyanya, basi. Mtu akitaka kuongeza kitu aliambiwa anamtukana samaki. Mzazi alipelekewa ngege. Mgonjwa aliyekataa kila kitu alipelekewa mchuzi wa ngege. Awuor alipomzaa Yeremia, ngege alisafirishwa kutoka Shirati akiwa amebanikwa, amefungwa kwenye majani.

Mke wa Yeremia alipojifungua, Awuor alizunguka mialo yote ya wavuvi aliyoijua. Wavuvi walimcheka. "Mama, ngege? Tulipokuwa tunavaa kaptula za shule ndipo tulimwona." Akampelekea mkwewe sangara. Mkwe alikula, akalamba vidole, akashukuru. Hakujua kuna kitu amekikosa. Laiti angelalamika, Awuor angepata nafuu.

Ndipo asubuhi moja, katika maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi uliotoka kutegua nyavu, akawaona. Ngege wachache, hai, wamejibanza chini ya sato wakubwa. Aliinama juu yao hadi mvuvi akamwuliza kama anaumwa. Aliwachukua katika beseni, akalifunika kwa gugu maji, akapanda gari la mizigo hadi Usagara huku amelipakata kama mtoto mwenye homa. Nkwabi alikuwa amechimba lambo la kunyweshea mifugo, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Awuor akawamimina humo.

Nkwabi aliposikia alicheka hadi akakaa chini.

"Ninyi watu wa ziwani! Mkiona maji ya ng'ombe mnaona mboga."

"Hawa si mboga, baba Yeremia."

"Kama si mboga ni nini? Wageni?"

"Ndiyo. Wageni."

"Haya, wageni wa mama Yeremia, karibuni. Ila ng'ombe wangu wakianza kunuka samaki, nitawarudishia shemeji zangu Shirati."

Ngege hawakufa. Mvua zilikuja na kupita, na siku moja Awuor alimwona jike akielea karibu na ukingo, kundi la vifaranga wake limemzunguka. Kivuli cha Awuor kilipoanguka juu ya maji, jike alifungua kinywa, na watoto wote wakaingia humo, kama nyumba iliyofunga mlango. Awuor alirudi nyumbani akilia, na hakuweza kumweleza mtu yeyote kwa nini.

Habari hizo zilimfikia Winnie, binti wa idara ya uvuvi aliyekuwa akila kibandani kila alipovuka kwenda Busisi. Alikuja Usagara, akatupa wavu, akawageuzageuza samaki mkononi.

"Mama, ziwani tunavuta nyavu kutwa hatumpati hata mmoja," alisema. "Na tukimpata, tayari amechanganyika na sato. Wanazaliana, na ngege ndiye anayepotea. Hawa wako ni safi. Nitakuja kuchukua mbegu, tuwaweke kwenye bwawa letu. Akipotea huyu, hakuna duka la kumnunua. Wewe uwatunze tu, asiingie samaki mwingine."

Jioni hiyo Awuor alimwambia mumewe kwamba binti wa serikali atarudi kuchukua mbegu katika lambo lao. Nkwabi alivimba kwa fahari. Awuor alimtahadharisha juu ya korongo, na juu ya watoto wenye ndoana. Neno la samaki mwingine hakulisema. Nani angekwenda kutia samaki kwenye lambo la ng'ombe, zaidi ya yeye mwenyewe?

Kisha dada yake akafariki, Awuor akaenda Shirati kuzika. Msiba ulifuatwa na ugonjwa, ugonjwa ukafuatwa na mambo ya watoto yatima. Aliporudi, ufuta alioacha mbichi shambani ulikuwa umeshavunwa.

Nkwabi alimpokea kwa furaha iliyopita kiasi. Hata mzigo hakumwacha autue vizuri.

"Njoo uone. Njoo kwanza."

Alitupa pumba juu ya maji, na maji yakachemka. Wakaja samaki wakubwa, wazito, wenye mabega. Mikia yao ilikuwa na mistari, imepangwa kama ya kitambaa cha kufumwa.

"Wako walikuwa wadogo wadogo," alisema Nkwabi. "Nikasema, mgeni atoke mjini kuja kuchukua mbegu, nimpe vitu vilivyodumaa? Hata ndama wa aina hiyo huwezi kumpa mtu. Nikaenda Kigongo mwenyewe, nikachagua madume. Hata wale wavuvi walisema huyu mzee anajua kuchagua."

Alikuwa amefanya kama baba yake na babu yake walivyofanya: kundi likidhoofika, unatafuta dume kubwa la kundi la mbali, unaliingiza usiku mmoja na majike, na Mungu anafanya yaliyobaki. Alibeba maji na samaki hao juu ya baiskeli, mwanamume ambaye kwa umri wake wote hakuwahi kula samaki bila kushawishiwa.

Awuor alitazama mikono ya mumewe. Ilikuwa na michubuko ya kamba.

"Asante, baba Yeremia," alisema.

Winnie alipokuja, alileta madumu yaliyojazwa maji safi. Alivuta wavu, akawamwaga samaki kwenye beseni, akatazama mkia mmoja mmoja.

"Shikamoo, mzee," alisema hatimaye. "Nani ameleta sato?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi!" Nkwabi alijipiga kifua. "Mbegu imenyooka sasa, eh?"

Winnie alimtazama Awuor. Awuor akatikisa kichwa polepole: usimwambie.

"Imenyooka, mzee," alisema Winnie.

Nkwabi alipokwenda kuwafuata ng'ombe, wanawake wawili walichuchumaa juu ya beseni. Wenye mistari mizito walijulikana. Lakini vijana wa lambo, waliozaliwa humo, walikuwa na mistari hafifu, kama ya penseli iliyofutwa. Na wengine hawakuwa nayo kabisa.

"Hawa je?" Awuor aliuliza. "Hawa si safi?"

"Siwezi kujua, mama. Mtoto anaweza kuchukua sura ya mama na bado akawa na damu ya baba. Nikiwapeleka hawa kwenye bwawa letu, nitapeleka tatizo."

"Tukilikausha lambo tukawachambua?"

"Ng'ombe watakunywa nini?" Winnie aliuliza. "Na tukishawachambua, mama, tutambakiza nani?"

Alimwaga maji safi chini ya mti wa mnyaa, akapakia madumu matupu. Alisema ataendelea kutafuta, labda kuna lambo lingine, kijiji kingine. Alisema kwa sauti ya mtu anayeaga mgonjwa.

Jua lilipoinama Nkwabi alirudi na kundi.

"Mbona hakuchukua? Walikuwa bado wadogo?"

"Hapana. Walikuwa wakubwa."

"Basi atarudi. Mimi nitatafuta madume wengine."

"Hawa wanatosha, baba Yeremia."

Awuor akachukua pumba, akarusha. Wenye mistari walifika kwanza, kama kawaida yao. Aliinama, akitafuta nyuma yao mkia mmoja usio na mistari. Alidhani ameuona. Kisha ng'ombe waliingia kunywa, tope likapanda kutoka chini, na maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa, pande zote.