Kapu Niliyepigana Naye Bwawani

Naandika haya kabla mke wangu hajawasimulia ninyi nyote. Sisi wa Timau hatukukuzwa kwa samaki. Mimi nilijifunza kuvua kwa kusoma. Nilijua kwamba samaki aina ya kapu hufyonza chakula matopeni, kwa hiyo punje ya mahindi haichomwi kwenye ndoano, bali huning'inizwa kwa uzi mfupi chini yake. Akifyonza punje, ndoano inaifuata na kumshika mdomo wa chini. Fundo la uzi huo nalifunga hata gizani.

Majuzi tulimtembelea mama mkwe huko Mbeere, karibu na bwawa, nikamwahidi samaki wa chakula cha jioni. Nilishinda bwawani mchana kutwa, na hakuna aliyegusa mshipi wangu. Kwa kuona aibu kurudi mikono mitupu, nilinunua kwa wauzaji wa pale bwawani kapu aliyekwisha kufungwa kwenye gazeti. Njiani nikafunua kichwa tu, nikamchoma ndoano yangu mdomoni, mahali hasa panapotakiwa.

"Tazama hilo fundo, Mama," nilimwambia jikoni. "Tumepigana nusu saa nzima! Hata ukingoni alikuwa bado anarukaruka."

Mama mkwe alilisifu fundo. Kisha akaondoa gazeti lote na kumgeuza samaki. Tumbo lilikuwa limepasuliwa na kusafishwa, kama wauzaji wa pale wanavyomfanyia kila mteja. Mimi sikujua.

"Pole kwa kazi, Baba Kendi," akasema, akinisogezea kigoda. "Lakini huyu naye ni shujaa. Kupigana nusu saa bila matumbo!"