Nilivyomtunza Mama Mkwe

Mtaani kwetu Izia nilisifiwa sana kwa kumtunza mama mkwe, na sifa zikanilevya. Alipohamia kwangu nilimnyang'anya jembe, nikamkataza hata kufagia. Kwa hii baridi ya Sumbawanga nilimweka ndani kutwa nzima, karibu na jiko la mkaa. Dagaa wa Kipili nilimchambulia, vichwa na miiba nikawatupia kuku.

Juzi alijikwaa kidogo tu kizingitini, nyonga ikavunjika.

Hospitalini daktari alitueleza sisi tunaouguza kwamba mifupa ya wazee hudhoofika wakikalishwa tu, wasipoota jua, na wasipopata vyakula kama maziwa na dagaa wazima. Alisema mama huenda asitembee tena. Kwa kiherehere changu nikadakia, wodi nzima ikisikia, "Kuna watu hawana huruma na wazee, daktari."

Mama akanishika mkono.

"Si huyu mkwe wangu," akasema. "Huyu hata jua haliachi linipige. Miiba ya dagaa ananitolea mmoja mmoja."

Daktari akaacha kuandika, akanitazama. Mama akaendelea kunisifu.