Viatu vya Likizo

Jamani, leo nimeshindwa kuvaa viatu vyangu mwenyewe.

Ni vile vyeusi nilivyonunua nirudi navyo nyumbani. Hapa Voi tunakata mkonge pekupeku, sote. Viatu vinakaa sandukuni, maana nani atarudi kwao na viatu vilivyochakaa?

Basi funza wakaniingia kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Mwakio, Mtaita ninayelala naye chumba kimoja, akanichokoa kwa mwiba ule ule aliojichokolea yeye.

Mguu ukavimba.

Leo asubuhi nikaenda kwa dresa, yule anayefunga vidonda hapa kambini.

"Funza hutolewa kwa sindano, na sindano huchemshwa kwanza," akasema. "Halafu unaosha kwa sabuni, unakausha katikati ya vidole, unavaa viatu. Huna viatu?"

"Ninavyo."

"Viko wapi?"

"Sandukuni."

Akaweka bendeji chini. "Kwa hiyo sanduku ndilo linaloingiwa na funza?"

Benchi nzima ya wagonjwa ikacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Nikarudi, nikafungua sanduku. Cha kulia kikaingia vizuri. Cha kushoto kikagomea vidoleni. Mwakio akasukuma, nikapiga kelele, tukaacha.

Dresa anasema uvimbe utakaa wiki mbili. Treni yangu ni Jumamosi ijayo, na nyapara hasogezi likizo ya mtu.

Mama atakuja stesheni Kibwezi na shangazi zangu. Ameshawaambia kwamba mwanawe sasa anavaa viatu.

Nishuke na kimoja, au nishuke bila? Mwenye jibu aandike upesi.