Siku kumi za kumlinda Jimi, mtoto wa mbwa aliyemng'ata mjukuu wangu

Marahaba wakuu. Najua mngeniamkia tu, kwa hiyo naitikia kabisa tuendelee.

Mimi ni bibi wa Mbozi. Shule niliishia la tatu, naandika kwa kidole kimoja, herufi ikiruka mnisamehe. Ila majina sisahau. Haya yalitokea nyumbani kwangu, na waliokuwepo wengine wako hai. Nikidanganya watanisuta humu humu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Songwe haijawa mkoa, wote tukihesabiwa Mbeya. Tulikuwa na shamba la kahawa juu kidogo ya Mlowo. Msimu ule wezi walikuwa wanakomba kahawa ya watu kwenye chanja, ikiwa hata haijakauka. Mume wangu, Mzee Yohana, akasema bila mbwa mwaka huu tutavuna majani.

Nikaenda Tunduma kumsalimia binti yangu Tamari. Jirani yake sokoni alikuwa mama wa upande wa Zambia, BanaMulenga, muuza vitenge. Mbwa wake alikuwa amezaa. Akanipa dume moja jekundu, masikio yamelala.

"Mayo, huyu ana fujo," akaniambia, mayo kwao ni mama. "Usije ukanirudishia."

Nikacheka. Nikamtia kwenye kikapu, nikamfunika kanga, safari. Kufika Mlowo kanga ilikuwa nusu, na mshikio mmoja wa kikapu haupo.

Tukamwita Jimi.

Wakuu, yule hakuwa mbwa, alikuwa upepo. Alivuta suruali ya Mzee ya kanisani kwenye kamba akaitembeza shamba zima. Aliingia jikoni akatoka na mwiko. Mama Skola wa akina mama wa kanisa, mzito yule, siku Jimi alipomkimbiza aliruka mfereji ambao hata vijana huuzunguka. Alipofika ng'ambo akapiga kelele, "Mama Lameki, mbwa wako au mimi, mmoja aokoke!"

Tukacheka wiki mbili. Wiki ya tatu hatukucheka.

Mwanangu Lameki na mkewe Enesi walikuwa na binti, Lusia, hajaanza shule. Jimi akamchukulia kandambili. Mtoto akavuta, mbwa akavuta. Meno yakaingia kwenye kidole.

Niwaeleze kwa nini damu ile ilinitisha. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, kijana mmoja anaitwa Obedi aling'atwa na mbwa wakamfunga kitambaa, basi. Miezi ikapita. Nilikwenda kumwona. Alikuwa analilia maji, lakini ukimsogezea kikombe anaruka ukutani. Tulimzika.

Kwa hiyo Mzee alivyoona damu ya Lusia hakuuliza. Akachukua jembe. Mimi na Enesi tukakimbia na mtoto zahanati.

Nesi alikuwa Tumaini, msichana mdogo lakini mkali. Alikiosha kile kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu mpaka nikadhani ngozi itatoka.

"Mbwa yuko wapi?"

"Mzee amemshikia jembe."

"Kimbia, bibi! Akimuua tutajuaje kama ana kichaa? Mfungeni siku kumi. Akila na kunywa mpaka ya kumi, mtoto yuko salama. Akibadilika hata kidogo, msipite hapa, nendeni Mbeya moja kwa moja akachomwe sindano."

Nilikimbia na umri ule, kanga mkononi. Nikamkuta Mzee anahema, anamkimbiza kuzunguka nyumba, na Jimi anaruka mbele yake anadhani ni mchezo.

Nikamweleza alivyosema nesi, akaweka jembe chini, akaenda kukaa. Nikamkamata Jimi, nikafikiri nimfunge wapi. Nyumbani watoto wanapita. Nikampeleka nyuma, kwenye mashine ya kumenyea kahawa, pale tunapomwaga maganda mekundu. Nikasema moyoni, mbwa wa kahawa akae kwenye kahawa. Chini palikuwa na ubaridi, nikamvutia maganda, nikamtandikia vizuri.

Hakuna aliyeniona.

Kila asubuhi nampelekea bakuli la maji. Nasimama. Mpaka aweke ulimi ndipo napumua. Nikirudi, Enesi yuko mlangoni, mimba ya miezi minane.

"Mama, amekunywa?"

"Amekunywa."

"Umeona kwa macho?"

"Kwa macho, mwanangu."

Lusia mwenyewe anaomba akacheze na Jimi, na kila akiomba maji namwangalia mpaka amalize kikombe. Akikohoa tu, mimi na mama yake tunatazamana.

Siku ya saba nikafika na bakuli. Jimi anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, anahema, anazunguka kamba bila kutulia. Nikasogeza maji. Akayapiga teke.

Enesi alikuwa ameshafika nyuma yangu.

"Mama," akasema, taratibu tu, hata hakupaza sauti, "ulikwenda Tunduma kutuletea kifo kwenye kikapu."

Lameki akampakia mtoto kwenye baiskeli, wakashuka Mlowo kupanda basi la Mbeya. Lusia akanipungia mkono wenye kitambaa, anafurahi anakwenda mjini. Nikajua hiyo ndiyo mara ya mwisho namwona.

Mzee akamfuata bwana mifugo, Kibona, akaja naye kwenye pikipiki. Kibona akamtazama Jimi kwa mbali. Akakata kijiti, akafukua matapishi yaliyokuwa pembeni ya mbwa. Yalikuwa mekundu, maganda matupu.

"Nani alimfunga mbwa hapa?" akauliza. "Maganda haya ni matamu, mtoto wa mbwa anayatafuna kama muwa. Kahawa inampiga moyo. Naona huyu amelewa kahawa. Lakini siapi. Mtoto achomwe hivyo hivyo, na mbwa mumhamishe tuone. Nasema tena, nani alimweka juu ya maganda?"

Enesi amesimama pale. Mimi nikayatazama maganda. Nilikuwa nimemsikia anatafuna siku zote hizo, nikafurahi, nikasema ana hamu ya kula, ni mzima.

Mzee akanitazama mara moja tu.

"Mimi," akasema.

Wasio wa kwetu niwafafanulie. Mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Mkamwana hamkemei, wala sahani hampi mkononi, anamtuma mtoto au anaiweka chini. Mzee alijua Enesi mimi angenitolea yote aliyonayo, na tusingekaa tena jiko moja. Kwake yeye angemeza.

Akameza. Lakini tangu siku ile chakula cha Mzee kilitoka cha mwisho, kimepoa, ukoko umo. Mzee alikula, akashukuru, akanyoosha mikono anawishwe. Ikaenda hivyo mpaka mtoto alipozaliwa, na baada ya hapo pia, miezi.

Jimi tulimhamishia kwenye mti wa mparachichi. Siku ya nane akanywa kidogo. Ya tisa akala. Ya kumi akakata kamba, akaiba kandambili ileile. Mbeya walishamwanzishia Lusia sindano, na waliposikia mbwa amevuka siku kumi mzima, wakasema inatosha.

Nilichojifunza ni hiki. Ukileta mtoto wa mbwa mchangamfu, mchanje kabla hajazoea nyumba. Aking'ata mtu, osheni kwa sabuni na maji mengi, mwende hospitali saa hiyo hiyo, na mbwa msimuue. Na wenye kahawa, maganda yawe mbali naye.

La pili ni zito zaidi. Lusia sasa ana watoto wake. Mzee Yohana tulimzika, na siku ya msiba Enesi alilia kuliko watoto wangu wa kumzaa, akisema hakuwahi kumwomba msamaha. Nikamshika bega. Nikanyamaza.

Lusia ndiye aliyenifungulia akaunti hii, na kaniambia mama yake yumo, anasoma kila siku ila hachangii.

Enesi mwanangu, aliyemfunga Jimi pale ni mimi. Aliyemtandikia ni mimi. Ile miezi yote, chakula kilichopoa alichokula Mzee kilikuwa changu.

Wakuu, nanyi semeni, msinionee huruma kwa sababu ya mvi. Ila naomba mumpishe Enesi aanze.