Na Kisicho Dawa?

Nesi wa chumba cha upasuaji ana vidole vya baridi na sauti ya kubembeleza. Humpapasa kila mgonjwa mshipa wa mkono huku akimuuliza maswali.

"Baba, unatumia dawa yoyote?"

"Hata moja," akajibu mzee mwenye goti lililovimba, roho mkononi. Daktari alikwisha kuvaa glavu. Nesi hakumwachia mkono.

"Na kisicho dawa?"

 Shemeji wa mzee, aliyemuuzia vidonge vya vimeng'enya vya kutuliza uvimbe, alimwapia kuwa ile ni lishe tu. Mzee akavitaja kwa kunong'ona. Vidole vikatulia juu ya mshipa.

"Umevimeza lini?"

"Leo alfajiri."

"Daktari, tusimkate! Damu yake huenda isigande."

Mzee akamaka. "Lakini si dawa, mwanangu!"

"Ndiyo maana huwa nauliza mara mbili, baba."