Kipande cha Sikio la Bihogo

Mimi nikipita Mahoko siku ya soko, hadi leo, kuna mama muuza viazi ambaye hanisalimii kama watu wengine, ananiuliza tu, "Veterineri, kuku hajambo?", na wenzake wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao kwa sababu nisipocheka ndiyo mbaya zaidi. Aibu yangu haijapata kuzeeka. Basi bora niisimulie mwenyewe, maana huko nje wanaisimulia vibaya (wengine wameongeza hata mbuzi, na mbuzi hakuwepo kabisa).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, njia za kwetu Gisenyi zimeanza kupitika kwa amani, na mimi nimerudi kutoka Goma na cheti cha msaidizi wa daktari wa mifugo, pamoja na ovaroli ya buluu niliyoivaa hata Jumapili baada ya misa. Mradi mmoja wa kuchunguza ugonjwa wa kupe ukaniajiri nizunguke Cyanzarwe kutoboa masikio ya ng'ombe: unabana koleo, kinatoka kipande cha ngozi kama kifungo cha shati, unakitia kwenye chupa ya kahawia, kinakwenda kupimwa, basi. Bosi wetu, Daktari Konsolata, aliyekulia Tanzania na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kama kimepigwa pasi, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi: mnyama ana mwenyewe, usimguse kabla mwenyewe hajaelewa unachukua nini na kwa kazi gani, na akikataa mshukuru uende zako. Sisi tuliitikia ndiyo daktari, tukifika njiani tunamwigiza.

Sasa kulikuwa na Mzee Karekezi. Ng'ombe wake, Bihogo, alikuwa ng'ombe wa mahari, alitolewa na Vedasti, kijana mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, siku alipomwoa Mukamana binti wa mzee. Na desturi yetu mnaijua, ng'ombe wa mahari akizaa, baba mkwe anawarudishia watoto wake mtamba mmoja waanzie maisha. Bihogo alikuwa na mimba changa tu, na Mzee Karekezi alimpenda mno, jioni alimwimbia. Nilimbembeleza asubuhi nzima. Akauliza kama ataumia, kama mimba itatoka, kama sikio lenye tundu si dharau kwa mkwe, mpaka mwishowe akasema haya, toboa, lakini mara moja tu.

Nikatoboa mara moja. Kipande kikaponyoka kwenye koleo, kikaangukia majani, na kabla sijainama kuku mmoja mwekundu akakidonoa, akakimeza, akanitazama kama anangoja kingine. Mzee hakuona kitu, alikuwa amemfunika Bihogo jicho kwa kiganja akimpa pole. Mimi nikafunga chupa tupu, nikaipangusa vizuri kama ina kitu.

"Bon, na ile kipande mutafanya nayo nini?" mzee akaniuliza.

Ningesema pale pale, mzee, kuku wako amekula, naomba nitoboe tena, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini alishasema mara moja tu, nami nikaona nitamaliza siku nzima kwenye zizi lile. Na siku zile redio zilikuwa bado zinazungumza juu ya kondoo wa Ulaya aliyetolewa nakala kutokana na kipande cha mwili wa kondoo mwingine. Mdomo ukanitangulia.

"Muzee, ku ile kipande tutatosha, tutazalisha Bihogo ingine. Sawasawa na hii, hata mukia."

Mzee Karekezi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaita niletewe mtindi. Niliunywa. (Niliomba na wa pili, acheni niseme ukweli wote.)

Mimi nilidhani maneno yatabaki zizini. Jumapili iliyofuata mzee aliyasema kanisani, na pasta akasimama kuuliza kama ng'ombe wa namna hiyo ameumbwa na Mungu au na mradi. Kila nilikopita wakaanza kuniita dokta, na mimi, mnanijua, sikumrekebisha mtu. Wakiniuliza atazaliwa lini nasema mambo hayo yanataka baridi, yanataka subira. Mzee akajenga zizi la pili. Mama mmoja mjane akaja na pembe ya ng'ombe wake aliyepotea wakati wa vita, ameifunga kwenye kitenge kisafi, akaniuliza kama pembe inatosha. Nilimwambia aniachie nitaangalia. Usiku huo sikulala, roho iliniuma kweli, lakini hata hapo sikuwa na ujasiri wa kusema.

Kisha habari zikamfikia Vedasti ziwani. Akapanda mpaka kwa baba mkwe na kusema kwa adabu kwamba Bihogo wa pili ametoka kwa Bihogo, kwa hiyo ni mtoto wake, kwa hiyo huyo ndiye mtamba wao, na asubiri nini tena. Mzee akasema mtoto hutoka tumboni, huyu ametoka sikioni, na sikio ni lake. Wakabishana hadi wakaacha kusalimiana, na Vedasti kwa hasira akamwambia Mukamana arudi kwao mpaka mtamba upatikane. Mukamana akapanda mlima na mtoto mgongoni na godoro kichwani, mchana, watu wote wanamtazama. Ndoa ya watu ilikuwa inavunjika kwa ajili ya ng'ombe aliyekuwa tumboni mwa kuku.

Konseye wa sekta, yaani diwani wetu, akaitisha kikao uani kwa mzee, na ili mambo yasemwe kitaalamu akamwalika Daktari Konsolata. Niliambiwa nije na chupa. Nilikuja nayo.

Konseye alianza kwa kukiri kwamba sheria anazozijua hazina ng'ombe wa sikio. Pasta akauliza kama nakala inafaa kutolewa mahari, na wazee wakagawanyika vibaya sana. Daktari Konsolata alisikiliza yote bila kukatiza neno, halafu akauliza kwa upole ni nani aliyewaambia habari za nakala. Wote wakageuza shingo upande wangu. Akanyoosha mkono nikampa chupa. Akaiinua juani, akaigeuza, akaitikisa.

"Kipande kiko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza koleo, nikaeleza majani, sauti inazidi kuwa ndogo, na nilipofika penyewe, haki ya Mungu, yule kuku mwekundu akakatiza katikati ya kikao na vifaranga vyake. Nikamwonyesha kwa kidole. Vedasti akasema, "Donc Bihogo ya pili ni ile kuku," na hapo kikao kikaisha, pasta alilia kwa kucheka, konseye alishika ukuta.

Ambao hawakucheka ni wawili, Mzee Karekezi na Mukamana. Mukamana alisimama na mtoto wake, akawatazama baba na mume.

"Mi walinitolea ngombe muzima, hawakunitolea sikio," alisema. "Bihogo iko na mimba. Mi pia niliingojaka mimba yangu, hakuna mutu alinifukuza. Mutangoja."

Vedasti aliinamisha kichwa, kisha akaenda mwenyewe kubeba lile godoro. Mzee alimkamata yule kuku, akampa binti yake aende naye (mtamba wa muda, alisema, na hapo ndipo na yeye alicheka kidogo).

Mimi nilidhani nimepona. Daktari akanigeukia, akaniambia mbele ya wote kwamba Mzee alikubali kabla hajaambiwa kipande ni cha kazi gani, kisha akadanganywa, na kukubali kwa namna hiyo si kukubali, na kwa kuwa hakuna ajuaye nyumba nyingine nilisema nini, chupa zangu zote zitamwagwa. Nitarudi kila zizi, nieleze ukweli, niombe upya. Na Mzee Karekezi, akipenda, anifuate asikilize.

Alipenda. Alinifuata Cyanzarwe nzima na fimbo yake, na kila nyumba aliuliza maswali yale yale kana kwamba hajawahi kuyasikia. Kwa yule mjane nilirudisha pembe katika kitenge chake, nikasema nilidanganya. Aliipokea, akaipangusa, akasema alijua tangu mwanzo haiwezekani, ila alitaka mtu amuulize ng'ombe yule aliitwa nani. Nikamuuliza. Alituketisha mpaka jua likazama.

Tangu siku hiyo sigusi mnyama wa mtu kabla sijaeleza mpaka mwenyewe achoke, aniombe yeye nitoboe. Na kuku wafungiwe kwanza.